Shingo ya Anayetung'oa Meno



Ukilala kwenye kiti cha daktari wa meno, unamwona daktari kutoka chini. Unaona barakoa, macho nyuma ya miwani, taa inayokuwakia usoni, na vidole vinavyoingia kinywani. Shingo yake huioni, wala huna nafasi ya kuiwazia, maana umekamata mikono ya kiti na unaomba Mungu ganzi ishike upesi. Leo tuiangalie shingo hiyo. Tuzungumze juu ya maumivu ambayo kazi ya meno humwachia anayeifanya, na juu ya kifaa ambacho watafiti wameanza kukitumia kuyapima: miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo vijana wengi mnaijua kwa michezo ya kompyuta. Na tuzungumze tukiwa hapa hapa Ukambani, Kitui na Makueni, tuulize kipimo kama hicho kingetufaa nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Mdomo wa mtu mzima ukipanuliwa hadi mwisho hufunguka kiasi cha sentimita 4 au 5. Ndani yake mna ulimi usiotulia, mate, damu, na shavu linalorudi ndani kila likiachiliwa. Tuseme mgonjwa wa kwanza asubuhi ya leo ana gego la juu, la nyuma kabisa, limeoza hadi limebaki kama gamba. Daktari anadunga ganzi, anangoja, anaugusa ufizi kwa ncha ya chombo aone kama umelala. Anaulegeza ufizi kulizunguka jino, ndipo anaposhika koleo. Jino haling'oki kwa kuvutwa tu. Linasukumwa kuelekea shavuni, linarudishwa ndani, polepole, mpaka mfupa unaolishikilia uachie. Mkono mmoja unatia nguvu, wa pili umeshikilia taya, na muda wote huo shingo ya daktari imeinama mbele, imelala upande na imezunguka kidogo, yote matatu kwa pamoja, bila kusogea. Mgonjwa akishtuka, bega la daktari linapanda kuelekea sikioni, na mara nyingi linabaki huko mpaka jino litoke.

Huko kutosogea ndiko kunakoleta taabu. Msuli unaokaza na kulegea hupata damu mpya kila unapolegea. Msuli uliokaza ukabaki umekaza huibana mishipa yake wenyewe, damu hupita kwa shida, na uchovu hujikusanya. Siku moja haina neno. Lakini mtu anapofanya hivyo wagonjwa 15 kwa siku, siku 5 kwa juma, mwaka baada ya mwaka, misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega huwa migumu, kichwa huuma kuanzia kisogoni, na asubuhi mtu hushindwa hata kugeuka kutazama nyuma anapotoa gari.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014 daktari wa mifupa wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta kuona uti wa shingo unabeba mzigo gani kichwa kinapoinama. Kichwa kikiinama nyuzi 15, mzigo hufika kilo 12. Kikifika nyuzi 60, ni kilo 27. Ni hesabu ya modeli, haikupimwa katika shingo za watu walio hai, lakini inatupa picha. Akina mama wetu wa Mutomo na Kathonzweni hubeba maji mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na sote tunajua mtungi wa lita 20 unavyoikaza shingo ya mama njiani. Kwa hesabu ile, daktari aliyeinama sana juu ya mgonjwa amebeba zaidi ya mtungi huo, na mtungi wake hauonekani, kwa hiyo hakuna anayemwambia, "Pole, hebu utue kidogo."

Kazi ya kuinamia kinywa cha mwenzio si ngeni Ukambani. C. W. Hobley, aliyeandika juu ya Wakamba mwaka 1910, na Msweden Gerhard Lindblom, aliyeandika mwaka 1920, wote walieleza desturi ya kuchonga meno ya mbele mpaka yakawa na ncha. Fundi wa kazi hiyo naye aliinama. Madaktari wa meno wa kisasa walifanya kazi wima kwa miaka mingi, na malalamiko yao yalikuwa miguu, mishipa iliyovimba na kiuno. Kiti cha mgonjwa kinacholala kilipoingia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari naye akapata nafasi ya kuketi, na msaidizi akaketi ng'ambo ya pili. Miguu ikapumzika. Shingo na mabega vikaongezewa kazi, maana aliyeketi husogea kidogo kuliko aliyesimama.

Mwaka 2009 watafiti wa Australia, Melanie Hayes na wenzake, walizikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu wafanyakazi wa meno. Waliolalamika maumivu ya misuli na viungo walikuwa kati ya asilimia 64 na 93, na kwa madaktari wa meno, mgongo na shingo ndivyo vilivyoongoza. Basi si udhaifu wa mtu mmoja asiyejua kukaa vizuri. Hali inayowapata wengi kiasi hicho katika nchi tofauti imetokana na kazi.

Sasa tuilete kazi hiyo kwetu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na watu 987,653 Makueni. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mtu wa Tseikuru au Kyuso anayeumwa jino hafikirii kwenda Kitui mjini siku ya kwanza. Kwanza anasukutua maji ya chumvi, halafu ananunua dawa ya maumivu dukani, halafu anangoja mbuzi auzwe. Anapofika hospitali jino haliwezi tena kuzibwa, ni la kung'olewa. Ndiyo sababu katika kliniki nyingi za umma mashambani kung'oa kunazidi kuziba, na kung'oa ndiyo kazi inayotaka nguvu ya mkono, bega na shingo kwa wakati mmoja.

Tuongeze na hili. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha mpango wa MakueniCare, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Mpango kama huo ni neema, nami siupingi hata kidogo. Ila malipo yanapopungua, foleni hurefuka, na foleni ikirefuka huishia kwenye mikono na shingo za wahudumu wale wale. Tangu Oktoba 2024 nchi nzima imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mijadala yetu yote ni juu ya mgonjwa atalipiwa nini. Ni mijadala ya haki. Lakini anayetibu naye ana mwili, na mwili huo ni sehemu ya huduma. Akiacha kazi akiwa na miaka 45 kwa sababu shingo imekataa, hakuna kadi ya bima itakayong'oa jino.

Kwa nini basi hatusikii habari zao? Wahenga walisema mganga hajigangi, nasi tumeongezea hapo ukimya wetu. Daktari anayelalamika shingo huku mgonjwa wake amevimba shavu anaonekana hana aibu. Tena maumivu haya ni mabaya kuyathibitisha. Unaweza kupigwa picha ya eksirei na pingili zako 7 za shingo zikaonekana ziko sawa, na bado ukashindwa kulala. Kipimo kinachotumika sana duniani ni maswali. Kuna dodoso la shingo la mwaka 1991 lenye maswali 10: je, unaweza kusoma, kuendesha gari, kulala, kuinua mzigo? Ni zuri, ila linategemea mtu atakavyojibu, na mtu aliyelelewa kuvumilia atajibu kwa kuvumilia.

Hapo ndipo miwani inapoingia.

Uhalisia pepe si jambo la juzi. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani, kizito hata kikabidi kuning'inizwa kutoka darini. Leo chombo hicho kimekuwa miwani ya nusu kilo hivi. Ukiivaa huoni tena chumba ulichomo. Unaona mahali pengine, na ukigeuza kichwa, mahali pale napo panageuka nawe. Siri yake ni vihisio vidogo, jamii ya vile vilivyo kwenye simu yako, vinavyoifanya picha igeuke ukiilaza simu. Vihisio hivyo hujua kichwa kimezunguka nyuzi ngapi, kwa kasi gani, na kama kilikwenda moja kwa moja au kwa kusitasita.

Mtafiti Hilla Sarig-Bahat na wenzake wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, waliutumia uwezo huo wakachapisha matokeo mwaka 2009 na 2010. Walitunga mchezo mwepesi. Mtu anavaa miwani, nzi anatokea mbele yake, naye anageuza kichwa kumlenga ili amnyunyizie dawa. Nzi mwingine anatokea kushoto, mwingine juu, mwingine chini. Mchezaji anawinda nzi, na huku kompyuta inaandika kila nyuzi ya shingo yake.

Ujanja uko hapo. Daktari akikuambia, "Geuza shingo kulia," unaigeuza ukiichunga, ukingoja pale panapouma. Ukiwinda nzi, akili iko kwa nzi. Walipowalinganisha watu wenye maumivu ya shingo na wasio nayo, wenye maumivu waligeuka pungufu, lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye mwendo. Waligeuka polepole, na kwa kusitasita, kasi ikipanda na kushuka njiani. Kipimo cha kawaida cha kuuliza shingo inafika wapi kinaweza kumpita mtu wa namna hiyo. Shingo inafika, ila inafika kwa woga.

Kwa daktari wa meno jambo hili lina uzito wa pekee. Shingo yake kwa saa nyingi haiendi popote. Imezoea pembe moja, mara nyingi upande mmoja, kwa sababu daktari anayetumia mkono wa kulia huketi upande wa kulia wa mgonjwa na kuinama vilevile kila siku. Kipimo cha mwendo kinaweza kuonyesha upande upi umezidiwa kabla mwenyewe hajaanza kumeza dawa za maumivu.

Kuna utafiti mwingine ambao lazima niutaje, kwa sababu unaweza kutumiwa vibaya. Mwaka 2015 Daniel Harvie na wenzake wa Australia waliwavisha miwani watu 24 wenye maumivu ya shingo, wakaifanya miwani iwadanganye. Mtu alipogeuka, picha ilionyesha amegeuka zaidi au pungufu ya ukweli. Picha ilipoonyesha pungufu, watu walisogea mbele asilimia 6 zaidi kabla ya kuumia. Ilipozidisha, waliumia mapema, asilimia 7 kabla. Maana yake ni kwamba ubongo hushiriki kuamua maumivu yaanze lini, na huo ni ukweli wa mwili wa binadamu yeyote. Lakini mwajiri mvivu anaweza kuusikia akasema, "Si nilijua? Ni mambo ya kichwani tu." Asikubaliwe. Maumivu ambayo ubongo unashiriki kuyatengeneza bado ni maumivu, na kilichoufundisha ubongo kuogopa ni miaka ya kuinama.

Je, tununue miwani? Quest 3S ya kampuni ya Meta ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 300 kule Marekani, karibu shilingi 39,000 zetu kabla ya ushuru na usafiri. Kwa hospitali ya rufaa ya kaunti hiyo si fedha ya kutisha. Lakini miwani peke yake haipimi kitu. Inataka programu ya kupimia, mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua kusoma matokeo, na njia ya kuisafisha kila anapoivua mtu. Wako watakaoshikwa na kizunguzungu, na nusu kilo usoni ni mzigo mwingine kwa shingo ambayo tayari inalia. Zaidi ya hayo, miwani inampima mtu, haipimi kiti chake. Inaweza kutuambia shingo imechoka, isituambie kwamba kiti cha mgonjwa kilikwama miaka iliyopita na hakilali tena mpaka chini.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na kilicho karibu. Mwaka 1991 Mfaransa Michel Revel alionyesha njia inayoweza kufanyika katika chumba chochote. Mtu anaketi sentimita 90 kutoka ukutani akiwa na taa ndogo ya leza iliyofungwa kichwani. Nukta ya leza inawekwa katikati ya karatasi. Anafumba macho, anageuza kichwa hadi mwisho, halafu anakirudisha pale anapodhani pamekuwa katikati. Tunapima nukta imeangukia wapi. Ikikosea kwa zaidi ya nyuzi 4.5, ambazo kwa umbali huo ni kama sentimita 7, shingo hiyo imeanza kupoteza hisia ya mahali ilipo. Leza hizo huuzwa na wachuuzi mijini. Nukta tu isielekezwe machoni pa mtu. Zaidi ya hapo, mwenzako akupige picha ya simu kutoka ubavuni ukiwa kazini. Kwenye picha hiyo pembe ya shingo inaonekana wazi, na kasoro ya kiti inaonekana pamoja nayo.

Iwe miwani au leza, la msingi ni wakati wa kupima. Tukingoja mpaka mtu aumie, kipimo kitatuambia anaumwa, jambo analolijua mwenyewe. Kipimo chenye faida ni cha siku ya kwanza kazini, shingo ikiwa nzima, kisha kila mwaka. Hapo ndipo mabadiliko yanapoonekana, na hapo ndipo sheria zetu zinapopata meno.

Maana sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 76, inamtaka mwajiri ahakikishe vifaa na mahali pa kazi vinamfaa anayevitumia. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ni ya mwaka huo huo, na baada ya kesi ya miaka mingi Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Lakini fidia inadai ushahidi kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Mtu anayekuja na shingo iliyoharibika, bila karatasi hata moja ya jinsi ilivyokuwa alipoajiriwa, ataulizwa kama hakuanguka na bodaboda, kama halali vibaya, kama hachezi simu usiku. Mwenye rekodi ya miaka 10 haulizwi hivyo.

Na rekodi hiyo iwe ya nani? Iwe ya mfanyakazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kipimo kikiwekwa mikononi mwa mwajiri peke yake, kitageuka kichujio cha kumwondoa aliyechoka na kumleta kijana. Na wafanyakazi wakishaona hivyo mara moja, kila mtu atavaa miwani na kuwinda nzi kwa meno yaliyoumana, asionekane anaumia.

Msikilizaji, unaweza kusema mimi si daktari wa meno, yananihusu nini? Nenda kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, kile kilichoshona barakoa mwaka 2020 tulipokuwa tumefungiwa na korona. Mshonaji anaitazama sindano, shingo imeinama, mguu uko kwenye pedali. Mama anayesuka kiondo anainama kwenye uzi. Fundi wa simu pale Wote anainama kwenye skrubu isiyozidi punje ya mtama. Tofauti ni kwamba daktari wa meno ana shahada na chama cha kumsemea. Ikiwa yeye ananyamaza, fundi cherehani atasikika na nani? Tukijifunza kuzipima na kuzilinda shingo za kliniki, tutakuwa tumepata njia ya kuwafikia wengine.

Wakati tukingoja, kuna mambo yasiyohitaji bajeti. Daktari asikae chini kuliko mgonjwa wake. Kiti cha mgonjwa kilazwe vizuri, na kwa meno ya juu kidevu kiinuliwe. Mgonjwa aambiwe ageuze kichwa, kwa maana shingo ya mgonjwa inapinda dakika 10 na ya daktari inapinda maisha yake yote. Kioo cha mdomoni kitumike hata pale inapoonekana ni haraka zaidi kuinama na kuchungulia. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine mabega yashushwe, kichwa kigeuzwe pande zote. Kazi nzito za kung'oa zisipangwe zote asubuhi moja kwa mtu mmoja. Nasi wagonjwa twende mapema. Jino linalozibwa likiwa na tundu dogo linaokoa fedha zetu na linaiokoa shingo ya mwenzetu.

Mengine ni ya bajeti, na bajeti ni yetu. Makueni imejijengea jina nchini kwa vikao vya wananchi vinavyoanzia kijijini, na Kitui nayo huwaita watu kutoa maoni. Tukienda tumezoea kuomba barabara, bwawa na dawa. Safari hii tuongeze mistari miwili chini ya afya: kiti cha kuketi kinachopanda na kushuka kwa kila daktari wa meno wa kaunti, na kipimo cha shingo kwa kila mhudumu siku anapoajiriwa, nakala apewe mkononi. Afisa wa bajeti akiuliza ni ya nini, mwambie kaunti inayopima mafuta ya ambulansi kila asubuhi haishindwi kumpima, mara moja kwa mwaka, mtu anayetibu.